Miaka Thelathini na Mitatu ya Kubishana na Lebo

Bi Kadi anastaafu rasmi kesho Ijumaa, tarehe thelathini, baada ya kulitumikia jumba letu la makumbusho kwa miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku kumi na moja. Barua ya Utumishi imesema "zaidi ya miaka thelathini". Nimehesabu mwenyewe, maana huwezi kuchukua miaka mitatu ya mtu na kuificha ndani ya neno "zaidi" kama makombo chini ya mkeka.

Mhariri wa jarida hili alinipa maelekezo. Wasifu uwe wa ukurasa mmoja, uwe mchangamfu, na utaje mafanikio yaliyopatikana "kwa ushirikiano wa karibu na Menejimenti". Ukurasa mmoja hautoshi. Uchangamfu nitajaribu. Hilo la tatu nimelitafuta kwenye mafaili yote ya masjala, ambako mimi ni karani kwa miaka thelathini na mitano sasa, na sikuliona. Mwenye nalo aniletee.

Aliajiriwa kama mwongozaji wa wageni, akiwa na cheti cha ualimu na viatu vya kuazima kwa dada yake. Baada ya miaka saba akapandishwa kuwa Afisa Elimu Msaidizi, na hapo kwenye "Msaidizi" akaachwa mpaka leo. Maafisa Elimu watano wamepita juu yake. Wote aliwafundisha kazi yeye, wote wakapanda, na mmoja wao, siku tunamuaga kwa keki na hotuba, alimvuta Bi Kadi pembeni akamuuliza Ukumbi wa Pili uko upande gani. Alikuwa amekaa nasi miaka minne.

Sasa niueleze Ukumbi wa Pili, kwa faida ya maafisa wa aina hiyo. Ndani yake mna vitu vya watu wa bondeni. Watu hawa ni wachache, lugha yao haifundishwi shule yoyote, na watoto wao wakija mjini kusoma hukalishwa dawati la nyuma, wakitafsiri kichwani swali ambalo wenzao wameshalijibu. Wakifeli, huambiwa ni wazito. Bi Kadi si mtu wa bondeni kwa kuzaliwa, ameolewa huko, na lugha ya huko anaizungumza vibaya hadi leo. Mama mkwe wake alikuwa akimwambia kwamba anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Lakini aliisikiliza, na hilo katika jumba hili lilikuwa jambo geni. Sisi tulichukua vitu vya watu, tukavitia ndani ya vioo, tukawasha taa nzuri, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyekumbuka kuwauliza wenyewe vinaitwaje.

Katika mwaka wake wa kwanza hapa ililetwa shule moja kutembea, wanafunzi wa darasa la tano. Kwenye kabati la nane kulikuwa na kidude cha ngozi kilichozungushiwa miiba ya mti, na lebo yake ilisema: "Kinyago cha tambiko. Huvaliwa usoni na mganga wakati wa kufukuza mapepo." Msichana mmoja wa bondeni akaangua kicheko. Mwalimu wake akamfinya sikio. Bi Kadi akauondoa mkono wa mwalimu kwa adabu, akachuchumaa, akamuuliza mtoto anacheka nini.

"Hicho ni cha ndama, shangazi," mtoto akasema. "Anavalishwa akiwa mkubwa na hataki kuacha ziwa. Akienda kunyonya anamchoma mama yake, mama anampiga teke. Siku tatu tu ameacha."

Naomba mnisome vizuri hapa. Lebo ile niliiandika mimi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, saa ya chakula ilikuwa imebaki dakika tano, na mkuu wangu aliniambia nisiache kabati bila maelezo kwa sababu mgeni wa heshima alikuwa njiani. Sikuwa nimewahi kumwona mganga wala pepo. Nilikiangalia kidude, nikaona miiba, nikabuni. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya kazi: kila tusichokijua kilikuwa cha tambiko. Mwaka ule Ukumbi wa Pili ulikuwa na vifaa vya matambiko arobaini na kimoja. Leo vimebaki vitatu. Vingine vyote vimegundulika kuwa vifuniko vya vibuyu, mguu wa kitanda, mwanasesere, chano cha kukaushia mbegu na mambo mengine ambayo mtoto yeyote wa bondeni angetuambia, kama tungekuwa na akili ya kuuliza mtoto.

Bi Kadi hakuja kunigombeza. Alikuja masjala akaomba karatasi ngumu. Nilikuwa na maboksi mawili ya kadi za mwaliko zenye ukingo wa dhahabu, zilizochapishwa kwa ajili ya sherehe ya ufunguzi wa Jengo Jipya. Jengo Jipya, kwa mliokuja juzi, ni ile sehemu yenye majani nyuma ya choo cha wageni. Sherehe iliandaliwa kabla ya jengo, na jengo likaona hakuna haja ya kuja. Kadi zikabaki, safi kabisa upande wa nyuma. Akachukua moja, akampa yule msichana, akamwambia aandike alichokisema, jina la kitu kwa lugha yake, na nani alimfundisha. Hiyo ndiyo kadi ya kwanza. Jina la utani lilikuja baadaye, tena kwa kejeli, kutoka ofisi za juu. Alilivaa kama kitenge kipya.

Kuna stoo ndogo chini ya ngazi kuu, ambayo wajenzi waliiacha kwa sababu hawakujua waifanyie nini. Bi Kadi akaiomba. Akaingiza benchi mbili, meza ya mtihani iliyovunjika mguu na kabati la droo kumi na mbili, akaanza kufundisha kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Hesabu, sayansi, insha, chochote mtoto wa bondeni alichokwama. Lakini ada yake ilijulikana. Kabla hujafungua daftari lako unakwenda kwanza ukumbini, unatafuta kosa moja kwenye lebo zetu, unaliandika kwenye kadi na kueleza umejuaje. Ukishindwa, unamuuliza bibi au babu yako, unarudi Jumamosi inayofuata. "Ada ni kosa moja," alikuwa akisema, "na msiogope, hapa makosa hayaishi."

Wapo waliodhani ni mchezo. Mtaalamu mmoja wa elimu alikuja akakaa nusu saa, akaandika ripoti kwamba mbinu ile "haina malengo yanayopimika". Asiyejua maana haambiwi maana. Mtoto aliyezoea kuambiwa ni mzito alikuwa anasimama mbele ya kioo, mbele ya maandishi yaliyochapwa na watu wenye tai, na kugundua kwamba yeye ndiye anayejua na walioandika ndio hawajui. Ukishaliona hilo mara moja, swali la mtihani halikutishi tena. Yule msichana wa ndama leo ni daktari wa mifugo. Wapo manesi, yupo mpima ardhi, yupo mwalimu wa fizikia anayefundisha bondeni kwenyewe. Kipeperushi chetu cha mwaka juzi kiliwataja wote kama matunda ya "Programu ya Menejimenti ya Kuinua Walio Pembezoni". Picha iliyowekwa ilikuwa ya watoto wengine kabisa, wa shule ya kimataifa, waliokuwa wamekuja kukojoa tu wakiwa njiani kwenda kwenye bwawa la kuogelea.

Siwezi kuliacha kongamano la Sauti za Walio Wachache. Lilifanyika kwenye ukumbi wetu mkubwa, na kila mtu alipewa fulana na kofia. Mtoa mada mkuu alizungumza dakika hamsini kuhusu umuhimu wa kusikiliza. Watu wa bondeni walialikwa, wazee wanane waliosafiri tangu alfajiri, wakakalishwa nyuma karibu na mlango wa jikoni, na katika ratiba yote ya siku mbili walipangiwa kupiga picha ya pamoja tu. Bi Kadi alisubiri mpaka muda wa maswali, akaomba kipaza sauti, akapewa, akatembea nacho mpaka nyuma, akamkabidhi mama mmoja mzee, kisha akasimama mbele yake kama mlinzi wa mlango. Waratibu walimkonyeza mpaka macho yakawauma. Yule mama alizungumza dakika tatu. Alisema mtungi ulio kwenye kabati la kumi na mbili ulikuwa wa nyumbani kwao, kwamba hauna shida kukaa hapo, ila umegeuziwa ukutani upande wenye mapambo, na je, inawezekana ugeuzwe? Uligeuzwa. Ilihitaji vikao viwili.

Basi tuje kwenye mwaka huu, ambao ndio sababu ya wasifu kuwa mrefu.

Januari, Bi Kadi alipotimiza umri, Kamati ya Matumizi ya Nafasi ilikaa kuamua chumba cha chini ya ngazi kifanyiwe nini akiondoka. Pendekezo lilikuwa moja, limeshachorwa kwa rangi: chumba cha chai kwa wageni mashuhuri. Kuhusu kadi, mchoro ulikuwa na mshale ulioandikwa "taka". Mwenyekiti akauliza wanaoafiki wanyooshe mikono. Tulikuwa tisa. Mikono ikanyooka tisa, na wa saba ulikuwa wangu. Sikuwa na sababu. Wenzangu walinyoosha, kiyoyozi kilikuwa kinavuma, mimi nikanyoosha. Nimeona aibu miezi mitano na bado ninayo ninapoandika hapa, na nisingependa mtu aniambie yameisha.

Mwezi Mei ukaja mtihani wenyewe. Kuna binti wa mfuga nyuki mmoja wa bondeni, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho chuoni, ambaye alianza kukaa kwenye benchi la Bi Kadi akiwa darasa la sita. Ni mtoto wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo. Tasnifu yake inahusu vitu vya Ukumbi wa Pili na jinsi wenyewe wanavyovijua, na ushahidi wake mkubwa ni kadi. Watahini wakairudisha. Waliandika kwamba chanzo cha mtafiti ni "karatasi za watoto zisizo na namba, zisizotambuliwa na taasisi yoyote", kwa hiyo hazikubaliki. Lebo yangu ya mganga, wapendwa, ilikuwa na namba. Ilitajwa kwenye vitabu viwili vya watu wenye shahada. Maneno ya mtoto aliyemvalisha ndama kwa mikono yake yalikuwa takataka. Binti akapewa mpaka tarehe ishirini na nane Juni aje na vyanzo vinavyotambulika mbele ya jopo, la sivyo mwaka wake umekwenda na ufadhili wake nao. Baba yake asingeweza kumrudisha tena.

Binti aliipeleka barua ya watahini kwa Bi Kadi, na Bi Kadi akaileta masjala. Nilitegemea machozi. Aliiweka mezani, akavuta kiti, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Kaka, kitu kikishapewa namba kwenye rejesta yako, nani anaruhusiwa kukitupa?"

Nikamjibu kutoka kichwani, maana kanuni hiyo ni kama sala yangu. Kitu chenye namba hakiwezi kuondolewa kwenye jengo bila kura ya Bodi nzima na idhini ya maandishi ya aliyekitoa.

"Na mtu wa chuoni akitaka kukitaja?"

"Anataja namba. Inatambulika popote."

"Basi fungua rejesta."

Nilimwambia kuna kadi elfu moja mia tisa na kumi na mbili. Nilimwambia kila moja ina safu tisa za kujaza na zimebaki wiki sita. Nilimwambia, nikitegemea hapo ataachia, kwamba kila ukurasa wa rejesta ni lazima usainiwe na Mkurugenzi mwenyewe. Akacheka mpaka akashika meza. Hapo nikakumbuka Mkurugenzi wetu anavyosaini.

Wafanyakazi wa juu hawalijui hili, kwa hiyo nitalieleza. Rejesta hupelekwa ofisini kwake kila Alhamisi saa tisa, wakati dereva ameshawasha gari. Mkurugenzi hafungui ukurasa. Huinua kona ya chini kwa kidole kimoja, husaini, huinua nyingine, husaini, huku akizungumza na simu. Katika miaka tisa hajawahi kuona mstari wa juu wa ukurasa wowote. Kwa utaratibu huohuo jarida hili hupitishwa kwenda kuchapwa, ndiyo maana ninaandika kwa raha.

Tukaanza kazi. Siku za wiki nilijaza mimi na Bi Kadi, Jumamosi wakaja wanafunzi wake wa zamani kwa zamu, nesi kavaa sare yake, mpima ardhi na buti zake za matope, wanabanana kwenye benchi la watoto magoti yakigusa kidevu. Namba, jina la kitu, maelezo, aliyetoa, aliyemfundisha, tarehe, hali ya kadi, droo, sahihi ya karani. Binti wa mfuga nyuki alisoma kwa sauti, sisi tukaandika. Wakati mwingine alikutana na kadi yake mwenyewe ya utotoni, akasita, akaisoma haraka kama ya mtu mwingine. Bi Kadi hakukubali kosa hata moja. Nilipoandika jina la lugha ya bondeni vibaya alinirudisha nyuma, na binti akamrudisha yeye nyuma, maana naye alikuwa amekosea.

Alhamisi ya nne nusura tunaswe. Mkurugenzi aliinua kona, akasaini, akainua nyingine, kisha simu yake ikakatika. Akabaki hana la kufanya na macho yake. Yakashuka kwenye ukurasa.

"Hizi kadi, kadi, kadi, ni kitu gani?"

Nikasema ukweli mtupu, kwamba ni kadi za mwaliko wa sherehe ya ufunguzi wa Jengo Jipya, tumegundua zipo nyingi na tumeona tusizipoteze. Mwenyekiti wa maandalizi ya sherehe ile alikuwa yeye, enzi hizo akiwa afisa kijana, na jina lake limo kwenye kila kadi kwa herufi za dhahabu. Uso ukamlainika.

"Ahaa. Hiyo ni historia yetu," akasema. "Mmefanya la maana. Siku hizi naona mnafanya kazi." Akasaini kurasa zote kumi na tatu za wiki ile, tena kwa kalamu yake nzuri.

Kurasa zote kwa jumla zilikuwa sabini na saba. Ya mwisho ilisainiwa Alhamisi iliyopita. Jumatatu wiki hii mafundi wakaja na mchoro wao wa rangi na mifuko mikubwa ya taka, wakiongozwa na mwenyekiti wa Kamati ya Matumizi ya Nafasi. Nilikuwa nimeketi ndani ya chumba cha chini ya ngazi, rejesta mapajani. Nikawaonyesha. Mwenyekiti akafungua ukurasa wa kwanza, wa kumi, wa hamsini, akageuka rangi, akampigia Mkurugenzi, na Mkurugenzi akashuka ngazi kwa miguu, jambo ambalo ngazi hizo hazikuwahi kulishuhudia.

"Nani ameruhusu hili?" akauliza.

Fundi mmoja, kijana wa watu asiyejua mipaka, akainama juu ya ukurasa, akasoma sahihi polepole, akamtazama, akasoma tena. Mkurugenzi akarudi juu. Sasa kutupa kadi kunahitaji kura ya Bodi, ambayo mara ya mwisho ilitimia akidi miaka mitatu iliyopita, pamoja na idhini za maandishi za watoa kadi wote. Kabati limebaki lilipo, na chumba chenye kabati la vitu vilivyosajiliwa hakiruhusiwi kuwa na birika wala jiko. Kanuni hiyo niliisoma kwa sauti mwenyewe. Mniwie radhi, nilifurahi sana.

Lakini kilichokuwa kinatunyima pumzi hakikuwa chumba. Jana, Jumatano, binti wa mfuga nyuki alikuwa mbele ya jopo. Bi Kadi alikuja masjala saa mbili na hakusema anakuja kufanya nini. Alikaa. Alipanga kalamu zangu kwa urefu. Saa tano kasoro simu ya mezani ikalia.

Alikuwa mwenyekiti wa jopo, profesa mwenye sauti ya mtu asiyezoea kusubiri. Akasema ana mtahiniwa mbele yake anayedai vyanzo vyake vimesajiliwa, naye ameamua kuhakikisha. Akachagua namba yake mwenyewe, bila mpangilio: elfu moja mia mbili na sita. Nikamwomba asubiri. Nilimwachia Bi Kadi mkono wa simu, nikaenda mpaka chini ya ngazi, droo ya nane, nikarudi na kadi. Nikaisoma kama ilivyoandikwa, kwa penseli, na mtoto wa darasa la nne:

"Hapa mmeandika mkuki wa vita. Si mkuki. Ni fimbo ya kupandia mlimani kwenda kwenye mizinga. Imechongoka ili isiteleze. Alinifundisha bibi yangu. Anayo kama hii. Bibi yangu hajawahi kupigana na mtu."

Profesa akauliza, polepole zaidi, ni nani aliyethibitisha kwamba kadi hii ni sehemu ya mkusanyo wa makumbusho.

"Mkurugenzi," nikasema, "kwa sahihi yake mwenyewe. Ukurasa wa arobaini na tisa."

Akashukuru, akakata. Tukakaa saa nzima na dakika ishirini. Simu ya Bi Kadi ilipolia, aliongea kwa lugha ya bondeni, ile yake ya kiazi cha moto, na nikasikia upande wa pili binti akicheka na kulia kwa pamoja, kisha akimsahihisha neno. Bi Kadi akalirudia neno vizuri. Akaweka simu. "Amefaulu," akasema. Nimemfahamu miaka thelathini na mitatu, nimemwona akipitwa vyeo, akikatwa maneno vikaoni na akiulizwa njia ya ukumbi wake na bosi wake, na jana ndipo nilipomwona analia. Nilitoka nje nikamwacha, kwa sababu ofisi ni ndogo na mimi pia nilikuwa na hali yangu.

Kesho kutakuwa na hafla. Mkurugenzi atasoma hotuba iliyoandikwa na Mahusiano ya Umma, na najua itasema kwamba Bi Kadi "anaacha pengo lisilozibika". Kwa mara moja watakuwa wamesema kweli, maana nafasi yake haijatangazwa na hakuna mpango wa kuitangaza. Atapewa saa ya ukutani. Tafadhali mpigie makofi kwa nguvu, na mwenye la kumwambia amwambie mwenyewe, asimwachie msoma hotuba.

Dada yetu, asante. Asante kwa kutusahihisha bila kutudhalilisha, sisi tuliostahili kudhalilishwa. Shemeji amekusubiri nyumbani muda mrefu, nenda ukamchoshe kwa maswali. Tunakuombea afya njema, magoti yasiyopiga kelele ngazini, usingizi wa asubuhi, na wajukuu wabishi watakaokuambia kila siku kwamba lugha ya bondeni unaikosea.

Na Jumamosi usije. Najua umepanga kuja. Mlango utafunguliwa saa tatu kamili na mtu wa saba kunyoosha mkono, ambaye hesabu za sekondari amezisahau zote na itabidi watoto wamfundishe. Ufunguo nimeshauchukua.